Jumamosi Yako ni ya Nani?

Kila aliyesoma shule ya Tanzania amewahi kukaa kwenye mdahalo wa "Fedha ni bora kuliko elimu". Matokeo yake yanajulikana hata kabla mwenyekiti hajafungua kikao. Elimu inashinda, kwa sababu mwalimu wa zamu amekaa nyuma anahesabu mikono. Tukishapiga kura tunatoka nje kuuza karanga ili tupate nauli ya kurudi nyumbani.

Mdahalo ninaousimulia hapa haukuwa na mwalimu wa zamu. Ulifanyika uani kwa Shangazi, Mbagala Kizuiani, Jumamosi moja baada ya alasiri. Binti wa kaka yake ana shahada ya ualimu wa Kiswahili na Kiingereza, na huu ni mwaka wa tatu anafundisha tempo. Alikuwa ametoka kwenye tuisheni, chaki bado iko vidoleni. Simu yake ilikuwa katikati ya mkeka, na ndani yake barua tatu. Ya kwanza ni ya wakala: shule binafsi ya Muscat inatafuta mwalimu wa Kiingereza wa watoto wadogo, riali 350 kwa mwezi, malazi juu yao. Ya pili imetoka chuo kikuu cha Marekani: akasaidie kufundisha Kiswahili kwa miezi tisa, posho ya kutosha kula na kulala. Ya tatu ni ya shule ya Kigali, mshahara umezidi wa Dar kidogo tu, lakini nyumbani anarudi kwa basi.

Mwalimu mstaafu wa mtaa akapewa uenyekiti. Hoja ikasomwa: "Anayekwenda kufundisha ughaibuni afuate fedha, mengine yatajileta." Mimi nikapewa ukatibu kwa sababu nilikuwa na kalamu. Yaliyorudiwa nimeyapunguza. Majina nimeyaacha, kila mtu nimemwita kwa nafasi yake pale uani.

KAKA MTU (mtoa hoja): Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo. Mimi nauza kava za simu Kariakoo, kwa hiyo nitaongea kwa namba. Mdogo wangu analipwa laki mbili na nusu, tena mwezi ambao mkuu wa shule amekumbuka. Atoe nauli, atoe chakula cha mchana kwa mama ntilie, atoe kodi ya chumba: kwisha habari. Muscat wanasema riali 350. Riali ya Omani imefungwa kwenye dola, moja ni dola 2.6. Pigeni hesabu: dola 910. Nyumba bure, na mshahara haukatwi kodi. Akila kwa adabu akaweka dola 500 kila mwezi, miaka miwili ana dola 12,000. Kiwanja Chamazi kipo, msingi upo, ukuta umefika kwenye lenta, pengine na bati juu. Nionyesheni utamaduni uliowahi kufika kwenye lenta.

Na msisahau deni la Bodi ya Mikopo. Siku akiajiriwa rasmi hapa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kabla hajaushika. Eti aende Marekani akawafundishe watu kusema "jambo", arudi na picha za theluji. Picha za theluji hazilipi deni.

MWALIMU WA TEGETA (mpinga hoja): Mwenyekiti, aliyerudi na picha za theluji ni mimi. Nilikwenda kwa mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha. Kufundisha hakuzidi saa 20 kwa wiki, na kila muhula unasoma masomo yasiyopungua mawili, wewe mwenyewe ukiwa mwanafunzi. Hela sikuleta, nakiri. Ila hebu nisimulie wiki ya kwanza.

Niliandika ubaoni: kiti kikubwa kimevunjika. Halafu: kifaru mkubwa amelala. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, yote mawili yanaanza na ki-. Kwa nini si kifaru kikubwa kimelala?" Nikamjibu kwamba kifaru ana uhai. Nikajiona nimemaliza kazi. Akaendelea: "Sawa. Rafiki naye ana uhai. Mbona unasema rafiki yangu amekuja? Kwa nini si rafiki wangu?" Nikabaki na chaki mkononi. Mimi niliyezaliwa Temeke, niliyesoma mchepuo wa HKL, niliyepata shahada, nikasema tutaendelea kesho. Usiku ule nilisoma sarufi kuliko miaka yote mitatu ya chuo.

Swali lile ndilo linalonilisha leo. Niliporudi nilipitia mafunzo ya Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, nikaingia kwenye kanzidata yao ya wataalamu. Sasa nina wanafunzi Masaki, na wengine ninawafundisha kwa kompyuta nikiwa sebuleni kwangu Tegeta. Kukijua Kiswahili ni jambo moja, kumfundisha asiyekijua ni jambo jingine, na hilo la pili nilikwenda kulijua kwenye theluji.

Tena Kaka, usimdanganye mwenzako kuhusu Kiingereza chake. Niliwahi kuwaza Korea Kusini. Viza yao ya walimu wa Kiingereza kwa kawaida ni ya raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Uwe na A ya Kiingereza tangu kidato cha pili, kinachosahihishwa kwanza ni pasipoti. Lakini Korea hiyohiyo ina Chuo Kikuu cha Hankuk kinachofundisha Kiswahili, na Beijing Kiswahili kinafundishwa vyuoni tangu miaka ya 1960. Kwa Kiingereza tunapanga foleni nyuma ya wenyewe. Kwa Kiswahili, wenyewe ni sisi.

KAKA MTU: Mwenyekiti, swali kwa msemaji. Huko Marekani ulitembea wapi?

MWALIMU WA TEGETA: Dukani Walmart. Wenzangu walikwenda New York mapumziko ya Krismasi, mimi nauli sikuwa nayo. Muda nilikuwa nao tele, nikaumalizia dirishani. Andika hilo, Katibu. Sitaki ushindi wa uongo.

SHANGAZI: Haya, na mimi nipeni nafasi. Ukuta huu mnaouegemea umetoka Muscat. Nimekaa kule miaka sita, nikiwa msaidizi wa mwalimu wa chekechea. Kwa hiyo simpingi Kaka mtu kwamba pesa ipo. Nampinga anaposema mengine yatajileta.

Na ninyi wa upande wa pili, msidhani Ghuba ni pesa tupu. Wiki yangu ya pili nilikuwa soko la Muttrah nahesabu chenji kwa sauti. Bibi mmoja aliyefunga buibui akanishika mkono: "Wewe mtoto wa wapi?" Kiswahili chake cha Unguja ya zamani, laini, hakina hata neno moja la daladala. Akanieleza habari ambayo nilikuja kuisikia tena kwa wengi. Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu. Waomani waliokulia Zanzibar na bara, waliosomea shule za huku na kukijua Kiingereza, ndio waliorudi wakakaa maofisini na madarasani. Kiingereza cha shule za Unguja kikawa mtaji wao Muscat. Kwa hiyo mwanangu, wewe si wa kwanza kuvuka bahari na somo hilo.

Lakini yote hayo yalikuwa nje ya geti. Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa nilifua na kulala. Jumamosi naitwa: njoo tupambe darasa, njoo kuna sherehe ya wazazi, njoo mwenzako anaumwa. Mkataba uliandika "na kazi nyingine atakazopangiwa". Nilisaini maneno hayo hapa Dar nikiwa na furaha ya tiketi. Pasipoti ilikaa kabatini kwa mwajiri. Nizwa ni kilomita 160 hivi kutoka Muscat, mji wenye ngome na soko la mbuzi ambalo watu wanatoka Ulaya kuja kuliona. Miaka sita, nimefika mara moja.

Siku hizi kumelegea. Tangu Januari 2021, mkataba wako ukiisha unaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ruhusa ya yule wa mwanzo. Enzi zetu alikunyima barua, ukabaki au ukarudi kwenu. Ila sikilizeni neno lenyewe: mkataba ukiisha.

KAKA MTU: Shangazi, ukuta lakini umesimama.

SHANGAZI: Umesimama, baba. Miaka yangu ya thelathini hadi thelathini na sita ndiyo siioni iliposimama.

Pakapita ukimya. Mwenyekiti akamwita jirani wa chumba cha uani, mwalimu kutoka Uganda, ambaye muda wote alikuwa anachambua mchele kwenye ungo kama haimhusu.

JIRANI: Ninyi mnazungumza ughaibuni kama kuko mbali sana. Ughaibuni wangu ni hapa Mbagala. Nafundisha Kiingereza shule ya inglishi midiamu. Waganda na Wakenya tumo wengi kwenye shule hizi, kwa sababu wazazi wanataka mtoto azungumze Kiingereza kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kibali changu cha kazi kipo chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, na kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Nikiacha shule hii siwezi kuvuka barabara nikaanza shule ile. Kwa hiyo, Shangazi, ulichokiona Muscat, kivuli chake mimi ninacho hapa kwenu.

Mshahara wangu si wa kujivunia. Lakini tarehe 28 umeingia, na mkataba unasema Jumatatu hadi Ijumaa, na mwajiri wangu anajua kusoma mkataba wake mwenyewe. Jumamosi ya kwanza nilikwenda sokoni Zakhem. Nikamwambia mama wa genge, "Nipe nyanya." Akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, usiamuru kama askari. Sema: naomba fungu moja la nyanya." Jumamosi ya pili nikaomba. Ya tatu akaniongeza nyanya moja juu ya fungu. Makonda wa Mbagala nao wakanifundisha yasiyoandikwa kwenye kitabu chochote.

Sasa nyumbani mambo yamebadilika. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima mashuleni. Ndugu zangu wananipigia kuuliza narudi lini, maana walimu wanahitajika. Nilikuja kuuza Kiingereza, nitarudi nikiuza Kiswahili. Na Kiswahili hiki sikufundishwa na mwajiri. Nilikiokota Jumamosi.

MZEE MWENYEKITI: Mwenyekiti haruhusiwi kuchangia, lakini uani hapa kanuni ni zangu.

Nitasema habari za walimu wawili waliovuka bahari. Wa kwanza alivuka kuja kwetu. Mwaka 1961 ulianza mpango ulioitwa Teachers for East Africa, uliopitia Chuo cha Ualimu cha Columbia kule New York. Vijana wa Kimarekani na Kiingereza wakaletwa kufundisha sekondari za Tanganyika, Kenya na Uganda. Mmoja alinifundisha mimi. Alikuwa na baiskeli na kuku wanne, alikula ugali na sisi, na Jumamosi alipanda milima. Tulimpenda sana. Tukasema huyu pesa si kitu kwake. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaelewa: aliyekuja kutafuta utamaduni alikuwa na tiketi ya kurudi mfukoni, na mshahara usiongoja mahindi yauzwe. Ukiwa nayo hayo mawili, kudharau pesa ni rahisi.

Wa pili ni wetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alifika Berlin kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki. Wanafunzi wake walikuwa maofisa wanaojiandaa kuja kututawala. Kazi aliipata, jiji kubwa aliliona, na mchango wake mkubwa ukachapishwa mwaka 1903 kwenye kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho wasomi wanakirejea mpaka leo. Kwa hesabu ya Mwalimu wa Tegeta, huyu alipata kila kitu. Lakini baadhi ya wanafunzi wake hawakukubali kumheshimu Mwafrika kama mwalimu, naye hakukubali kufundisha bila heshima. Akaiacha kazi. Alikuwa ameoa Mjerumani, Bertha. Mwaka 1905 wakapanda meli kuja huku, na serikali ya kikoloni ikakataa mume mweusi na mke mweupe wakae pamoja kwenye nchi aliyozaliwa mume. Wakarudishwa Ujerumani. Alifariki hukohuko mwaka 1927.

Mambo ya darasani Mtoro aliyaweza yote. Yaliyomtesa yalianza kengele ikishalia: amwoe nani, aishi wapi, akikutana na mwanafunzi wake njiani aitwe nani. Hayo hayakuandikwa kwenye barua iliyomwita Berlin.

KAKA MTU: Kwa hiyo Mzee umehamia upande wa pili?

MZEE MWENYEKITI: Mimi nipo kwenye kiti. Mwenye barua aseme.

BINTI: Asanteni. Nimesikia lenta, theluji, nyanya na Berlin. Nimekuwa najiuliza swali moja kwa wiki mbili: pesa au uzoefu? Naona nimekosea swali. Shangazi alikuwa na pesa, hakuwa na siku ya kuitumia kuona nchi. Mwalimu wa Tegeta alikuwa na siku, hakuwa na nauli. Jirani ana kidogo cha hiki na kidogo cha kile, na ndiye aliyetoka na kitu ambacho kesho atakiuza. Kaka, hata dola zako 500 za akiba zinategemea nisiumwe kwa kazi za Jumamosi nikaacha katikati ya mkataba na kujilipia tiketi ya kurudi.

Kwa hiyo nitawauliza wote watatu maswali yaleyale. Vipindi vingapi kwa wiki? Jumamosi kuna kazi, na kama ipo inalipwa? "Kazi nyingine" ni zipi, ziandikwe. Mshahara unaingia tarehe ngapi? Pasipoti atakaa nayo nani? Mkataba ukivunjika, tiketi ya kurudi ni ya nani? Na huyu wakala nitamuulizia TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kama anatambulika.

KAKA MTU: Ukiuliza sana watampa mwingine.

BINTI: Basi huyo mwingine atakuwa amenijibia.

SHANGAZI: Na Kigali mbona hamuisemi? Kwa sababu ni safari ya basi?

MZEE MWENYEKITI: Kigali isidharauliwe. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundisha kwa Kiingereza, na mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi. Mwaka 2022 ilichukua walimu kutoka Zimbabwe. Ukiwa na lugha zote mbili hizo, pale hujaenda na mguu mmoja.

MWALIMU WA TEGETA: Na watoto wa Kigali watakuuliza habari za kifaru na rafiki vilevile. Usidhani ni Mmarekani peke yake anayeuliza.

Ikapigwa kura. Kaka mtu akanyoosha mikono yote miwili, Mwenyekiti akaihesabu kuwa mmoja. Hoja ikaanguka. Ila Mwenyekiti alikataa kutangaza kwamba utamaduni umeshinda. Alisema kilichoanguka ni yale maneno mawili ya mwisho: "mengine yatajileta".

Chai ikaletwa, na mihogo ya kukaanga. Binti akatuma ujumbe wake mara tatu, maneno yaleyale. Adhana ya magharibi ilikuwa haijatoka simu ilipoanza kulia.

Kigali walijibu kwanza. Wameambatisha ratiba: vipindi 24, Jumamosi mbili za mwezi hadi saa sita mchana, zinalipwa kando. Jirani akasema, mtu anayejibu barua za kazi Jumamosi jioni amekwishakwambia kitu kuhusu Jumamosi zake. Tukacheka, lakini Binti aliliandika.

Marekani ilijibu mashine: ofisi imefungwa mwisho wa wiki, tutakujibu Jumatatu. Mwalimu wa Tegeta akatabasamu bila kusema neno.

Wakala wa Muscat alijibu kwa mstari mmoja: "Usijali dada, utaelezwa ukifika."

Shangazi aliusoma ujumbe ule, akairudisha simu juu chini kwenye mkeka.

"Kwa hiyo dola 910 unaziacha hivihivi?" Kaka mtu akauliza.

"Siziachi, Kaka," Binti akasema. "Bado sijaziona."